Amigdala, dopamini na mfumo wa zawadi kwenye ubongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanajirudia sana, kutoka kwa wanafunzi, wazazi, watu wenye ndugu zao kwenye unga au kwenye kubeti, na majibu mengi yanayozunguka mtandaoni ni mafupi mno mpaka yanapotosha. Mawili hasa yanaudhi: kwamba amigdala ni kitufe cha woga, na kwamba dopamini ni homoni ya furaha. Kiukweli zote mbili, ile sehemu ya ubongo na hii kemikali ya ubongo, kazi yake kubwa ni kufundisha, yani kuuambia ubongo hiki kitu kinakuhusu, kishike, na ukilielewa hilo mengine mengi yanaeleweka.

Amigdala ni kitu gani na iko wapi?

Ni visehemu viwili vya ubongo, kimoja kulia kimoja kushoto, viko ndani kabisa usawa wa masikio, mbele kidogo ya hipokampasi ambayo ndo inatunza kumbukumbu za matukio. Kila kimoja kina umbo na ukubwa wa lozi hivi. Watu wanaongea kama ni kitu kimoja lakini ndani yake kuna vikundi zaidi ya kumi vya seli na kila kikundi kina shughuli zake, kuna upande unaopokea taarifa za macho, masikio, pua na ngozi, na kuna upande unaotoa amri: moyo uende mbio, viganja vitoe jasho, mwili ugande au ujiandae kukimbia. Panya anayo, nyani anayo, hata ndege na mijusi wana sehemu ya jamii hiyo hiyo.

Kwahiyo ndo kituo cha woga?

Hapana, na ushahidi mzuri kuliko wote umetoka kwa mama mmoja wa Marekani anayejulikana kwenye tafiti kwa herufi mbili tu, S.M. Ana ugonjwa adimu wa kurithi unaoitwa Urbach-Wiethe (dunia nzima wagonjwa ni wachache sana, ila Afrika Kusini upande wa Namaqualand wanapatikana zaidi kuliko kwingine) na ugonjwa huo umemharibia amigdala zote mbili, sehemu nyingine za ubongo zimebaki salama kwa kiasi kikubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa wamefanya nae kazi miaka mingi. Mwaka 1994 walichapisha kwamba anatambua vizuri uso wa mtu mwenye furaha au mwenye huzuni, lakini ukimwonyesha uso wa mtu aliyeogopa anakwama, na baadae ikaonekana kwamba hata ukimwambia achore uso wa woga anashindwa.

Baadae wakampeleka duka la nyoka na buibui. Mwenyewe alishasema hapendi nyoka, lakini alipofika pale akamshika nyoka akawa anamchezea na kumgusa ulimi, akaanza kuomba ashike hata wale wakubwa wa hatari mpaka wenye duka wakamzuia. Wakampeleka kwenye jengo la zamani la hospitali ya Waverly Hills, Kentucky, ambalo watu hulipa kuingia ili watishwe na waigizaji waliojificha gizani, wenzake wanapiga kelele yeye anatangulia mbele anacheka, na mmoja wa wale waigizaji ndo akaogopa baada ya S.M. kumgusa kichwani kwa udadisi. Hayo yanafurahisha kusimulia. Lakini kuna jingine linaumiza: aliwahi kuwekewa kisu shingoni bustanini usiku, na kesho yake akapita njia ile ile kama hakuna kilichotokea. Maisha yake yamejaa matukio ya namna hiyo, kwa sababu hatari ikimpata haimwachii funzo mwilini. Anajua kwa akili kwamba pale paliwahi kutokea kitu, ila mwili hausemi usipite.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 2013 watafiti walimvutisha S.M. hewa yenye kaboni dioksaidi asilimia 35, pamoja na ndugu wawili mapacha wenye ugonjwa huo huo, na wote watatu walipatwa na hofu kali, wakihangaika kama wanakabwa. S.M. alishangaa kabisa hali ile ni nini. Kwahiyo woga wenyewe, ile hisia, unaweza kuja bila amigdala. Kazi ya amigdala ni kutazama dunia ya nje, kukisia kipi ni tishio na kukiweka alama, lakini hatari inayotoka ndani ya mwili kama kukosa hewa ina njia zake nyingine.

Kwa nini hakuweza kutambua nyuso zenye woga?

Hapa watu wengi hawajafika. Mwaka 2005 iligundulika kwamba S.M. haangalii macho ya mtu. Woga unaonekana zaidi machoni, yale macho yaliyotoka, yeye macho yake yanatua puani na mdomoni. Watafiti wakamwambia tu, angalia macho, na papo hapo akaanza kutambua uso wa woga kama mtu mwingine yeyote, alafu akiachwa bila kukumbushwa anarudi kule kule. Yani amigdala inaelekeza hata pale macho yanapotakiwa kutua, kabla hujaamua lolote. Mimi naona ugunduzi huu ni mzito kuliko ule wa nyoka.

Mbona mwili unaruka kabla sijajua naogopa nini?

Kwa sababu taarifa zinafika amigdala kwa njia mbili. Joseph LeDoux wa Chuo Kikuu cha New York alifanya kazi na panya, akawa anawapigia mlio alafu anawapa shoti ndogo ya umeme miguuni, baada ya mara chache tu panya akisikia mlio anaganda hata bila shoti. Alipofuatilia mishipa ya fahamu akakuta sauti inatoka masikioni inafika talamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopokea na kusambaza taarifa, pale inagawanyika, njia fupi inaenda moja kwa moja kwenye amigdala na njia ndefu inapita kwanza kwenye gamba la ubongo linalochambua ni mlio wa nini. Njia fupi ina haraka lakini haioni vizuri. Ndo maana unaruka kwa kamba iliyolala njiani usiku na unajua ni kamba baada ya kuwa umesharuka, na wazee walishasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mtu aliyekuwa Gongo la Mboto usiku ule wa Februari 2011 mabomu ya kambi ya jeshi yalipolipuka, akishtuka radi ikipiga, msimwambie anajifanya. Amigdala yake ilipata funzo moja zito na sasa inaona heri ikosee mara mia kuliko ichelewe mara moja.

LeDoux mwenyewe, niongeze, miaka ya karibuni amekuwa akisema waziwazi hiyo tuiite mfumo wa kugundua tishio na kujilinda, hisia ya woga tunayoijua sisi binadamu inahitaji na sehemu nyingine za ubongo.

Kwa nini nakumbuka vizuri siku mbaya na zile za kawaida zimefutika?

Tukio likikugusa, tezi zinamwaga homoni za msongo, adrenalini na kortisoli, na ndani ya ubongo noradrenalini, ndugu yake adrenalini, inapanda kwenye amigdala, alafu amigdala inaisukuma hipokampasi iandike kumbukumbu hiyo kwa nguvu zaidi. James McGaugh wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amelichimba hili kwa miongo kadhaa. Mwaka 1994 yeye na wenzake waliwapa watu hadithi ya mtoto aliyepata ajali, wengine wakapewa kwanza propranolo, dawa ya kawaida tu ya presha na moyo inayozuia adrenalini. Baada ya wiki moja, waliopewa dawa ya uongo walikumbuka vizuri zaidi sehemu ya ajali, waliopewa propranolo hawakuwa na nyongeza hiyo, ila sehemu za kawaida za hadithi wote walizikumbuka sawa.

Na haihusu mabaya peke yake. Siku ya harusi yako, siku mtoto alipozaliwa, siku ulipoona matokeo ya fomu foo, utaratibu ni huo huo.

Mfumo wa zawadi ndo upi sasa?

Katikati chini ya ubongo kuna kikundi kidogo cha seli zinazotengeneza dopamini, kinaitwa tegmentamu ya tumbo (jina baya lakini ndo hilo). Seli hizo zinapeleka nyuzi mbele mpaka kwenye kiini akumbensi (sehemu ndogo iliyo ndani upande wa mbele), zinapeleka kwenye amigdala, kwenye hipokampasi na kwenye sehemu ya mbele ya ubongo nyuma ya paji la uso. Mtandao huo wote ndo watu wanauita mfumo wa zawadi.

Uligunduliwa kwa kubahatisha. James Olds na Peter Milner, Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal, waliweka waya mwembamba kwenye ubongo wa panya wakitafuta kitu kingine, wakaona panya anarudi rudi kwenye kona aliyopewa umeme. Wakamwekea kitufe abonyeze mwenyewe. Walichapisha mwaka 1954. Tafiti zilizofuata zilionyesha panya wakibonyeza maelfu ya mara kwa saa, chakula kipo pembeni hawakigusi, mpaka wanazimia kwa uchovu. Basi dunia ikasema tumepata kituo cha raha, na jina hilo limekwama mpaka leo.

Si ndo dopamini inaleta furaha?

Hapa naomba tutulie maana ndo penye upotoshaji mkubwa.

Kwanza Wolfram Schultz, alikuwa Fribourg Uswisi baadae akahamia Cambridge. Aliwapa nyani juisi tone tone huku akisikiliza seli zao za dopamini moja moja. Nyani akipata juisi bila kutegemea, seli zinalipuka. Alafu akaanza kuweka taa kabla ya juisi, na baada ya muda seli zinalipuka taa ikiwaka, juisi yenyewe ikija zimetulia kabisa! Juisi ni ile ile, tamu vile vile, ila seli hazina habari nayo kwa sababu ilishategemewa. Na taa ikiwaka alafu juisi isije, seli zinanyamaza chini ya kiwango chake cha kawaida, tena muda ule ule ambao juisi ilitakiwa kufika. Kwahiyo dopamini inapima tofauti kati ya ulichotegemea na ulichopata, ikizidi inapanda, ikipungua inashuka, na kila tofauti inaufanya ubongo urekebishe makisio yake. Mwaka 1997 Schultz pamoja na Peter Dayan na Read Montague waliandika kwamba hesabu hii inafanana na ile ambayo watu wa kompyuta walishaibuni kufundishia mashine.

Pili, Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan. Yeye aliwaondolea panya karibu dopamini yote. Panya hao hawatembei kwenda kula, wanakufa njaa chakula kikiwa mbele yao usipowalisha kwa mpira. Wote walidhani hawasikii tena utamu. Lakini ukimdondoshea panya huyo maji ya sukari mdomoni, analamba midomo vile vile kama panya mzima! Utamu upo, kilichokufa ni kuutaka. Na kinyume chake, ukiongeza dopamini panya anahangaikia sukari zaidi ila akiipata haonyeshi kuifurahia zaidi. Ile raha yenyewe inatoka kwenye vijisehemu vidogo vinavyotumia kemikali nyingine, za jamii ya opioidi, yani jamii ya heroini, na jamii ya bangi ambazo ubongo unazitengeneza wenyewe.

Kutaka na kufurahia ni vitu viwili. Natamani kila mwenye ndugu aliyezama kwenye ulevi asome sentensi hiyo, kwa sababu tunamwangalia mtu anakimbilia kitu kila siku tunasema anakipenda sana, na yeye anatuambia kwa machozi kwamba hakifurahii tena, tunadhani anadanganya. Hadanganyi.

Kwa nini mtu anaendelea kubeti wakati kila wiki anapoteza?

Rudi kwa Schultz. Mwaka 2003 yeye na wenzake walionyesha kwamba nyani akiwa hana uhakika kama juisi itakuja, hasa ikiwa nusu kwa nusu, kuna seli za dopamini zinapanda polepole wakati wote wa kusubiri. Kusubiri kwenyewe kunawasha mfumo. Sasa fikiria mkeka wa mechi kumi, unasubiri kuanzia saa tisa mchana mpaka saa sita usiku, kila goli dopamini inapanda au inashuka.

Alafu kuna ile ya mkeka umechanwa na timu moja. Mtu anakwambia "nilikosa kidogo tu, timu moja imeniua," na kwa hesabu amepoteza sawasawa na aliyekosa zote kumi. Watafiti wa Cambridge walichapisha mwaka 2009 kwamba kukosa kidogo kwenye mashine ya kamari kunawasha maeneo yale yale ya ubongo yanayowaka mtu akishinda, na wachezaji wanasema hawafurahii ila wanataka zaidi kuendelea. Wanaotengeneza michezo ya kile kindege kinachopaa unatoa hela kabla hakijapotea wamekusogezea hiyo hali ya kukosa kidogo kila baada ya sekunde chache. Mimi nasema hivi, kijana aliyemaliza mtaji wa boda kwenye simu amekutana na mashine iliyopimwa ikaenea ubongo wake, na kumwita mjinga hakumsaidii kitu.

Kuna ushahidi mwingine hospitalini. Wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka, wanapungukiwa dopamini, na baadhi ya dawa zao kama pramipeksoli zinaiga dopamini. Baadhi ya wagonjwa hao, watu wazima wametulia, hawajawahi kucheza kamari maishani, walianza ghafla kucheza mpaka wanauza vitu, wengine manunuzi, wengine kula, wengine ngono. Daktari akipunguza au kubadilisha dawa mara nyingi tamaa inaondoka. (Kama una mzazi anatumia dawa hizi na umeona dalili hiyo, mpeleke kwa daktari wake, usimwachishe dawa mwenyewe nyumbani, ni hatari.)

Na simu?

Kanuni ni ile ile ya kutokuwa na uhakika, unavuta skrini chini hujui utakuta nini. Nguvu yake haifiki ya madawa, ila inafika mara nyingi sana kwa siku. Zima arifa, ndo kinachosababisha mkono uende.

Miraa, sigara, unga vinafanya nini?

Kila kimoja kina mlango wake lakini vyote vinaishia kuongeza dopamini kwenye kiini akumbensi. Nikotini inazigusa seli za dopamini zenyewe, na ukivuta inafika kichwani ndani ya sekunde chache. Miraa ina kathinoni, jamii ya amfetamini, inasukuma dopamini itoke, na kwa sababu kathinoni inaharibika haraka majani yakinyauka ndo maana gari za miraa kutoka Meru zinakimbia vile. Kokeini inazuia dopamini isirudishwe ndani ya seli. Heroini inazilaza seli za breki, zile ambazo kazi yake ni kuzituliza seli za dopamini, breki ikilala dopamini inamwagika.

Juisi ikishategemewa dopamini inatulia, tuliona kwa nyani. Lakini dawa inaongeza dopamini kwa nguvu ya kemikali kila ikiingia, kwahiyo ubongo unaambiwa kila siku "hii imezidi matarajio, jifunze zaidi", funzo halifiki mwisho. Wakati huo huo ubongo unajipunguzia vipokezi, yani sehemu za seli zinazoipokea dopamini, mambo ya kawaida yanapoa, chakula, mke, mtoto, mpira. Arosto, ile hali ya mwili kuidai dawa, ikianza mtu anatafuta dawa ili tu awe sawa.

Na amigdala iko humo ndani. Mwaka 1999 Anna Rose Childress na wenzake walionyesha watu walioacha kokeini video za kokeini wakiwa kwenye mashine ya kupima ubongo, na amigdala zao ziliwaka pamoja na tamaa. Ile kona, yule rafiki, ule mlio wa kiberiti, vimewekwa alama. Wakati wa vita ya Vietnam karibu askari mmoja kati ya watano wa Marekani walikuwa wametegemea heroini kule kule, serikali ikaingiwa na hofu watakuwaje wakirudi, mtafiti Lee Robins akawafuatilia na akakuta mwaka wa kwanza ni kama asilimia 5 tu ya hao walioirudia hali hiyo. Kuna sababu kadhaa lakini mojawapo kubwa ni kwamba nyumbani hapakuwa na zile alama. Linganisha na kijana anayetolewa sober house alafu anarudishwa maskani ile ile, washkaji wale wale, tunashangaa kwa nini ameanguka.

Hospitali ya Muhimbili walifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa ya kuwasaidia wanaoacha heroini, Februari 2011, na sasa huduma ipo mikoa kadhaa, Kenya pia ipo. Methadoni inakaa kwenye vipokezi vile vile inavyokaa heroini ila inaingia polepole na kukaa muda mrefu, haileti ule mlipuko, kwahiyo arosto inaisha na ubongo unapata nafasi. Wanaosema ni kubadilisha dawa kwa dawa wawaulize akina mama ambao watoto wao sasa wanakunywa kikombe asubuhi alafu wanaenda kazini.

Amigdala na dopamini zinafanya kazi pamoja au kila moja kivyake?

Pamoja. Maabara ya Kay Tye ilionyesha mwaka 2015 kwa panya kwamba ndani ya sehemu moja ya amigdala kuna seli zinazopeleka nyuzi kwenye kiini akumbensi na seli nyingine, jirani zake kabisa, zinazopeleka upande wa woga. Panya akijifunza mlio ni wa sukari, miunganisho ya kundi la kwanza inakaza, akijifunza mlio ni wa shoti inakaza ya kundi la pili. Na mwaka 1997 ilionekana nyani walioharibiwa amigdala wakishibishwa chakula fulani bado wanakichagua kile kile, wakati nyani mzima akishiba karanga anageukia kingine. Aliyeharibiwa amigdala hajui kusahihisha thamani.

Kiboko kinamfundisha mtoto?

Kinamfundisha, ndo tatizo lilipo. Amigdala inaunganisha maumivu na kila kilichokuwepo: uso wa mwalimu, chumba, ubao, somo la hesabu. Hipokampasi inaongeza mazingira yote. Mtoto anatoka pale amejifunza vizuri sana kwamba hesabu ni hatari. Na msongo mkali unamwaga noradrenalini na dopamini kupita kiasi kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kufikiri na kushika mambo kichwani, inapungua uwezo dakika ile ile mwalimu anapouliza saba mara nane. Kwahiyo unamchapa kwa kushindwa kujibu na fimbo yenyewe inamfanya ashindwe zaidi.

Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, Tanzania kanuni bado zinaruhusu kwa masharti. Najua watu watasema "sisi tulichapwa na tumefaulu". Waliofaulu ndo wanaoongea, aliyeacha shule darasa la tano kwa kuogopa hayupo kwenye mjadala. Adhabu ya fimbo inazima tabia mbele ya mwenye fimbo, na mtoto anajifunza kwa usahihi mkubwa ni nani wa kumwogopa na saa ngapi hayupo.

Vijana wa miaka 15 mpaka 20 wana shida gani?

Kiini akumbensi chao kina moto tayari, sehemu ya mbele ya ubongo inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Margo Gardner na Laurence Steinberg mwaka 2005 waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, vijana wakiwa peke yao hawakutofautiana sana na watu wazima, marafiki wakikaa wanaangalia vijana wakaongeza kujihatarisha kwa kiasi kikubwa na watu wazima hawakubadilika. Ukimnunulia kijana pikipiki, jambo la kumkataza kwanza ni mishkaki, yani kupakia wenzake wawili au zaidi.

Woga uliokaa miaka unaweza kufutwa?

Unaweza kufunikwa, kufutwa ni vigumu. Panya aliyejifunza mlio na shoti, ukimpigia mlio mara nyingi bila shoti anaacha kuganda. Lakini mpeleke sanduku jingine, au subiri wiki kadhaa, woga unarudi. Kilichotokea ni funzo jipya, sehemu ya mbele ya ubongo imejifunza kuituliza amigdala, la zamani lipo chini yake. Ndo msingi wa tiba ya kukutana na unachokiogopa hatua kwa hatua. Anayeogopa kuvuka bahari kwa boti anaanza kwa kukaa gatini, kesho anapanda boti iliyofungwa, na kadhalika, na afanye sehemu tofauti na siku tofauti ili funzo jipya lisibaki limefungwa mahali pamoja. Kukimbia kila mara kunaifanya amigdala isipate nafasi ya kujua kwamba hakikutokea kitu.

Kuna kitu kingine cha kutia moyo. Mwaka 2000 Karim Nader akiwa maabara ya LeDoux aligundua kwamba kumbukumbu ya woga ikiitwa tena inalegea kwa muda, na ukizuia protini mpya zisitengenezwe kwenye amigdala ya panya dakika hizo, woga unadhoofika. Kwa binadamu bado inajaribiwa.

Nifanye nini nyumbani?

Lala. Utafiti wa mwaka 2007 ulikuta mtu aliyekesha takriban saa 35 amigdala yake inaitikia picha mbaya kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko aliyelala, na mawasiliano na sehemu ya mbele yamelegea. Ugomvi mwingi wa wenye mtoto mchanga unatoka hapo.

Pili, taja unachohisi kwa maneno. Matthew Lieberman na wenzake mwaka 2007 walionyesha mtu akitaja hisia iliyo kwenye picha ya uso, amigdala inashuka na sehemu ya mbele inapanda. Kwa mtoto ni rahisi, badala ya "nyamaza!" mwambie "umeogopa eeh, ule mlio umekutisha". Kama unapata hofu za ghafla, moyo mbio, kifua kinabana, unahisi unakufa, alafu zinapita na unaambiwa ni majini, dua endelea nayo ila nenda upimwe moyo na tezi ya shingo, na uulize kuhusu mashambulizi ya hofu, yanatibika kwa mazungumzo na dawa.

"Kufunga dopamini" wiki nzima kunasaidia?

Kuacha simu au kamari kwa muda kunasaidia kwa sababu alama zinapungua nguvu. Dopamini yenyewe haisafishwi wala hutaki iishe, mtu anayeishiwa dopamini hawezi hata kuinuka kitandani, muulize anayemuuguza mgonjwa wa Parkinson.

Naweza kupima dopamini yangu hospitali?

Kipimo cha damu au mkojo kipo, kinatumika kutafuta uvimbe fulani wa tezi za juu ya figo. Hakikwambii chochote kuhusu mfumo wa zawadi, kwa sababu dopamini ya kwenye damu haivuki kuingia kwenye ubongo, na ndo maana wagonjwa wa Parkinson hawapewi dopamini yenyewe, wanapewa levodopa ambayo inavuka alafu inabadilishwa huko ndani. Anayekuuzia kipimo cha dopamini ya furaha, au unga wa kuiongeza, tunza hela yako.